Miguu Inapopooza Uvimbe Ukiwa Kichwani

Mgonjwa anapopoteza nguvu za miguu yote miwili huku mikono ikiwa salama, fikra za tabibu huelekea kwenye ugwe wa mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu upitao ndani ya pingili, na mara nyingi fikra hizo huwa sahihi. Hata hivyo, hali hiyo hiyo huweza kuletwa na meninjioma, uvimbe wa tando za ubongo uliopewa jina hilo na Harvey Cushing mwaka 1922. Kwenye gamba la ubongo, eneo linaloamuru uso na mikono liko ubavuni, ilhali eneo la miguu liko utosini na kushuka ndani ya ufa unaotenganisha nusu mbili za ubongo, ambamo umesimama utando mgumu mfano wa kiambaza, mguu wa kulia na wa kushoto ikipakana hapo kila mmoja upande wake. Uvimbe unaoota kwenye kiambaza hicho huweza kukandamiza pande zote mbili polepole, pengine kwa miaka, pamoja na sehemu jirani inayosaidia kuzuia mkojo.

Hata alama ya Babinski, iliyoelezwa mwaka 1896, ambapo kidole gumba cha mguu huinuka unyayo unapokwaruzwa, haimalizi shaka, kwa kuwa huonyesha kwamba njia ya amri itokayo ubongoni imeharibika bila kuonyesha ni wapi. Pini husema zaidi. Ugwe ukibanwa vibaya, tabibu anayepandisha pini taratibu kutoka pajani hadi kifuani aghalabu hufika mahali ambapo mgonjwa hutamka kuwa sasa inachoma. Uvimbe wa ubongo hauachi mpaka wa namna hiyo kiwiliwilini. Mitukutiko ya kifafa inayoanzia vidoleni mwa mguu mmoja nayo huelekeza kichwani.

Hatari kubwa zaidi imo katika picha za MRI, kwani shingo na viuno vya watu wazima wengi huonyesha pingili zilizochakaa, na daktari akiridhika na uchakavu huo, mgonjwa hupasuliwa mgongo bure huku miguu ikizidi kudhoofu. Ikumbukwe kwamba ugwe huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, kwa hiyo pingili ya nne iliyochakaa haiwezi kueleza miguu iliyokakamaa na goti linaloruka kwa nguvu likigongwa kinyundo. Picha ya shingo na ya kifua zisipolingana na alichokipata tabibu kwa pini na kinyundo, picha inayofuata ni ya kichwa, na haifai kucheleweshwa, maana meninjioma nyingi si saratani na huondoleka.