BEI KUBWA NA BEI YA SIFA: SOMO KUTOKA MERERANI KWA WARINA ASALI WA KASOKOLA

Limezuka fundisho ambalo hurudiwa mara kwa mara katika semina za ujasiriamali, mijini na vijijini. Fundisho hilo linasema kwamba mnunuzi hana njia ya kujua thamani ya kitu ila kwa kutazama bei yake. Kwa hiyo anayetaka bidhaa yake iheshimiwe na aipandishe bei; na bei ikipanda kiasi cha kuwashangaza watu, magazeti na redio yataitangaza bure. Fundisho hilo likipelekwa kwa warina asali wa Kasokola, katika Manispaa ya Mpanda, linakuwa hivi: asali yenu ni rahisi kwa sababu ninyi wenyewe mnaona haya kuiuza ghali. Itieni katika chupa nzuri, ongezeni bei mara kumi, na umaskini utakwisha.

Shabaha ya makala hii ni kulihakiki fundisho hilo. Hatulikatai lote. Lina ukweli ndani yake, na kada anayekataa ukweli kwa sababu tu umesemwa na mfanyabiashara hajaelewa bado kazi ya uchambuzi. Lakini ni ukweli ulioachwa katikati ya njia, na mkulima akiufuata hadi hapo ulipoachwa ataumia.

1. Bei, thamani na sifa

Katika juzuu ya kwanza ya Kapitali, iliyotolewa mwaka 1867, Karl Marx alitofautisha thamani ya matumizi ya bidhaa na thamani yake ya kubadilishana. Asali hulainisha koo na hutia utamu katika chai. Hayo ni matumizi. Inapopelekwa sokoni inapimwa kwa kipimo kingine, ambacho shina lake ni kazi ya watu. Marx alionyesha pia kwamba katika soko la kibepari uhusiano baina ya watu hujificha nyuma ya vitu. Mnunuzi anaona chupa na bei. Hamwoni aliyepanda mtini usiku akiwa na mwenge.

Mwaka 1899 Mmarekani Thorstein Veblen aliongeza jambo lingine. Alieleza kwamba tabaka la wenye nafasi hununua vitu vingi ili lionekane kuwa linaweza kuvinunua. Kwa watu wa tabaka hilo bei kubwa haiwi kikwazo; bei ndiyo wanayoinunua. Kitu hicho hicho kikishushwa bei, wanakiacha.

Wahenga wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la dunia la leo methali hiyo haitoshi. Huko chema hutembezwa, hupambwa, hupewa jina na kuundiwa hadithi. Basi bei ya bidhaa ya namna hiyo tunaweza kuigawa katika mafungu matatu. Fungu la kwanza hulipa kazi na gharama. La pili hulipa ubora wa kweli. La tatu hulipa sifa, yaani yale ambayo mnunuzi ameaminishwa kuhusu bidhaa na kuhusu nafsi yake mwenyewe anapoimiliki. Fungu hili la tatu tutaliita bei ya sifa. Wafundishaji wa semina wako sahihi wanaposema kwamba lipo na kwamba ni kubwa. Wanalolinyamazia ni swali la siasa: bei ya sifa inaingia mfukoni mwa nani?

2. Somo la tanzanaiti

Mfano mkubwa wa nchi yetu uko Mererani, Mkoa wa Manyara. Mwaka 1967, mwaka ule ule wa Azimio la Arusha, yaligunduliwa huko mawe ya rangi ya buluu. Mwaka 2018 Taifa lilimtambua Jumanne Ngoma kuwa ndiye mgunduzi. Kitaalamu mawe hayo ni aina ya zoisaiti, jina ambalo halimvutii mnunuzi yeyote. Kampuni ya Tiffany ya New York ndiyo iliyochagua jina la tanzanaiti na kuanza kuyatangaza mwaka 1968. Jina lilikuwa la nchi yetu. Duka, kabati la vioo na kalamu ya kuandika bei vilikuwa vyao.

Tiffany hawakubuni njia hiyo. Kabla yao De Beers, kampuni iliyoshikilia soko la almasi duniani, ilizuia wingi wa mawe yaliyotoka ghalani, na mwaka 1947 wapiga matangazo wake wakatunga kauli iliyoifunga almasi na mapenzi ya milele. Kampuni hiyo hiyo ilichukua nusu ya mgodi wa Mwadui mwaka 1958, na nusu nyingine ikawa ya Serikali ya Tanganyika. Mwaka 2002 wafanyabiashara wa vito wa Marekani waliiingiza tanzanaiti katika orodha ya mawe ya kuzaliwa ya mwezi Desemba. Orodha hiyo haikushushwa kutoka mbinguni. Iliwekwa mwaka 1912 na wauza vito wenyewe, kwa faida ya wauza vito.

Wakati sifa ikijengwa huko, chini ya ardhi ya Mererani hali ilikuwa nyingine. Wanaapolo walishuka mashimoni kwa matumaini ya mgao, wengi wao bila mshahara. Mafuriko ya mwaka 1998 na ya mwaka 2008 yaliua makumi ya wachimbaji. Mawe mengi yalisafirishwa ghafi kwenda kukatwa Jaipur, India. Bei ya sifa ilikuwapo miaka yote hiyo, lakini haikuwafikia waliochimba.

Hali ilianza kubadilika mlango ulipopata mlinzi. Aprili 2018 ulizinduliwa ukuta wa kilomita 24 kuzunguka machimbo, na tangu mwaka 2019 yakaanzishwa masoko rasmi ya madini nchini. Juni 2020 mchimbaji mdogo Saniniu Laizer aliiuzia Serikali mawe mawili, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa shilingi bilioni 7.74. Habari ilizunguka dunia nzima. Wengi walioisoma hawakujua zoisaiti ni nini. Walichokisoma ni ile bei. Tangazo la namna hiyo kampuni kubwa hulinunua kwa fedha nyingi.

Hapo kuna mafunzo mawili. Kwanza, bei ile haikupatikana kwa ujasiri wa mtu kutaja namba kubwa. Ilipatikana kwa sababu palikuwa na ukuta, soko na mnunuzi anayejulikana. Pili, sifa ya mtu mmoja hufunika jasho la maelfu. Kila picha ya tajiri mpya huwashusha shimoni vijana wengine wengi ambao hawatapigwa picha kamwe. Mhakiki anayeisifu bei bila kuwahesabu vijana hao amefanya nusu ya kazi yake.

3. Umbali unaouzwa na umbali unaolipiwa

Turudi Katavi. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, na baada ya kupanuliwa mwaka 1998 ikawa na kilomita za mraba 4,471. Wageni wake ni wachache kuliko wa Serengeti. Kambi za kifahari hutoza mamia ya dola za Kimarekani kwa mgeni mmoja kwa usiku mmoja, na matangazo yao hayaoni haya kusema kwamba ni mbali, ni pakiwa, na wachache tu wamefika. Kwa hiyo pamoja na viboko na nyati, kinachouzwa pale ni umbali wenyewe.

Sasa tumwangalie mrina asali wa Kasokola. Naye anaishi katika umbali huo huo. Lakini kwake yeye umbali ni makato. Mnunuzi anayefika na gari humwambia kwamba njia ni ndefu na mafuta ni ghali, kisha hushusha bei ya ndoo ya lita 20. Historia inaonyesha kwamba umbali si majaliwa. Reli ilifika Mpanda mwaka 1950 kwa sababu ya madini ya risasi ya Uruwira. Haikujengwa kwa ajili ya asali wala mpunga wa wananchi. Umbali ule ule humtajirisha mmoja na kumpunguzia mwingine, kwa kutegemea nani anamiliki hadithi yake na nani anamiliki gari.

Mkulima wa tumbaku wa Mpanda ataielewa hoja hii upesi. Yeye amezoea kusimama pembeni ya mtumba wake wakati mwingine akilitaja daraja, na daraja likishatajwa, bei imekwisha.

4. Makosa mawili

Katika kulijadili suala hili kada anaweza kuanguka katika kosa moja kati ya mawili.

Kosa la kwanza ni kusema kwamba kuuza ghali ni ulanguzi, basi. Kosa hili lina chanzo chake. Mwaka 1973 ilitungwa sheria iliyoanzisha Tume ya Taifa ya Bei, na mwaka 1983 ilipigwa kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, kwa sababu sukari, unga na sabuni vilifichwa ili bei ipande. Kumfichia mwananchi unga ni dhuluma, jana na leo. Lakini anayemuuzia tajiri wa London asali kwa bei ambayo tajiri huyo anataka kuilipa hajamnyima mtoto wa mtu chakula. Kuikataa bei hiyo kwa jina la usawa ni kumwachia mchuuzi wa kati aichukue yeye.

Kosa la pili ni kudhani kwamba namba kubwa inatosha. Mwaka 2021 kampuni ya Centauri ya Uturuki iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa asali ya Yuro 10,000 kwa kilo. Watu wengi walisikia bei. Ni wachache mno waliowahi kuionja. Huo ni mchezo wa wenye mtaji, wanaoweza kukaa na chupa rafuni mwaka mzima wakimsubiri mnunuzi mmoja. Mwanakijiji mwenye ada ya shule ya kulipa Januari hawezi kusubiri hivyo.

Ulinganishe na asali ya manuka ya New Zealand. Nayo ni ghali sana, na sifa yake imekuzwa kwa matangazo. Lakini chini ya sifa hiyo pana msingi: uchunguzi wa maabara na kanuni ya Serikali ambayo tangu mwaka 2018 inataka asali inayouzwa nje kwa jina hilo ipimwe kemikali nne na vinasaba. Walijenga msingi huo kwa sababu sifa ilikuwa imewavuta waghushi. Bei kubwa isiyo na kipimo humnufaisha mghushi kabla ya mrina.

5. Kazi iliyo mbele yetu

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, jibu letu kwa fundisho la semina si kulifukuza, bali ni kulikamilisha. Tunaona kazi nne.

Ya kwanza ni ubora. Asali irinwe ikiwa imeiva, masega yakiwa yamefungwa kwa nta, kwa moshi kidogo na vyombo safi. Kiwango cha kimataifa kinataka maji katika asali ya kawaida yasizidi asilimia 20. Asali iliyochacha haiokolewi na chupa nzuri.

Ya pili ni msitu. Mzinga wa gome hupatikana kwa kuubambua mti wa miombo, na mti uliobambuliwa pande zote hufa. Bei ikipanda kabla mizinga haijabadilishwa, kila shilingi ya ziada itakuwa shoka. Tutauza sifa ya msitu huku tukiumaliza msitu wenyewe.

Ya tatu ni umilikaji wa mlango. Ghala, mizani na alama ya biashara iliyosajiliwa viwe vya ushirika wa warina wenyewe. Tanzanaiti ilitufundisha kwamba kuazimwa jina hakumpi mwenye jina haki ya bei.

Ya nne ni hesabu. Tuchukue mfano wa darasani. Mrina anauza asali kwa fungu 1. Chupa zake zinauzwa mjini kwa mafungu 4 na ng'ambo kwa mafungu 20. Ushirika ukiuza ng'ambo kwa 20 na bado ukamlipa mrina 1, unyonyaji haujaondoka, umebadili ofisi tu. Gharama zitajwe, tofauti itajwe, mgao usomwe mbele ya mkutano mkuu, na mwanachama asiyejua kusoma asomewe.

Pamoja na hayo, tujihadhari na kasumba inayosafiri pamoja na bei ya sifa. Tukiwafundisha vijana kwamba kitu ghali ndicho bora, hawataishia kwenye asali. Watawapima hivyo hivyo walimu wao, nguo zao na wenzao. Asali ya kumuuzia tajiri iuzwe kwa bei ya tajiri. Asali ya sokoni Mpanda, ambayo mama mjamzito na mzee mwenye kikohozi wanaihitaji, ibaki kwa bei wanayoimudu, na iwe na usafi ule ule.

Kada atakayekwenda Kasokola kesho asianze kwa kuuliza asali inauzwa shilingi ngapi. Aulize ghala ni la nani, jina limesajiliwa kwa nani, na hesabu inasomwa wapi. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo yatakayomwonyesha bei hiyo inamtumikia nani.