Landrova 109 na mkonga kwenye tope la Kyela

Mvua ya Aprili Kyela haina mzaha. Wilaya hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo uleule unaotoa mchele unaosifiwa nchi nzima ndio unaomeza matairi. Kabla lami haijafika Matema, safari ya kupitia Ipinda masika ilikuwa bahati nasibu. Tope hilo ni mizani nzuri ya kupimia magari mawili yanayobishaniwa vijiweni: Land Rover 109 Series III, iliyoundwa kuanzia 1971 hadi 1985, na Toyota Land Cruiser HZJ75 ya 1990, ambayo Watanzania wameibandika jina la mkonga.

Land Rover ilizinduliwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza bado ina uhaba wa chuma uliotokana na vita. Ndiyo maana bodi ikaundwa kwa aloi ya aluminiamu. Shida ile imekuwa neema: kwenye unyevu wa Kyela bodi haishiki kutu. Kinachooza kimyakimya ni fremu ya chuma chini yake, na mnunuzi asiyelala chini ya gari kuikagua amejitakia.

Udhaifu wake ni maji. Injini ya petroli ya sentimita za ujazo 2,286 inategemea plagi na distributa. Barabara ikifurika, feni inayarusha maji juu ya distributa, cheche inapotea, gari linazima. Dereva mzoefu huvua mkanda wa feni kwanza, ndipo aingie.

Mkonga hauhitaji ujanja huo. Injini yake, 1HZ, ni ya dizeli, silinda sita, sentimita za ujazo 4,164: haina cheche ya kulowa wala kompyuta ya kuungua. Inachodai ni hewa kavu, nayo inavutwa kwa bomba lililopanda kando ya kioo cha mbele hadi usawa wa paa. Bomba hilo ndilo lililozaa jina.

Ila usiizike 109 mapema. Shafti ya nyuma ikikatika njiani, fundi hafungui hata tairi. Analegeza bolti sita za kwenye habu, anachomoa shafti, dereva anabonyeza kirungu cha njano, na gari linarudi mjini likivutwa na magurudumu ya mbele. Taimingi yake pia inaendeshwa na mnyororo. Ya 1HZ ni ya mkanda, na mkanda ukisahauliwa hadi ukatike, valvu zinaweza kugonga pistoni.

Kwa starehe hakuna wa kumcheka mwenzake. Yote mawili yana springi za mabamba mbele na nyuma, na vyungu vya Wakisi vilivyonunuliwa mnadani Matema vitaomba nyasi za kutosha katikati.

Kwa kuvuka maji masika hii, chukua mkonga. Kwa gari la kurithisha, lenye fundi wa spana tu jirani, chukua 109, mradi fremu yake ni nzima.