Asiyekuwepo na Lake Halipo: Uhakiki wa Programu za Mwanzo katika Mfumo wa Ubuntu

Utangulizi

Mhakiki anayepewa mkusanyo wa mashairi huuliza maswali mawili: ni yapi yaliyoingizwa, na ni yapi yaliyoachwa nje. Mkusanyaji hakutunga hata ubeti mmoja. Hata hivyo, kwa kuchagua kwake, amekwisha kusema jambo juu ya ushairi na juu ya msomaji anayemkusudia. Makala haya yanakusudia kuuliza maswali hayo hayo juu ya matini ambayo taaluma yetu haijazoea kuisoma, yaani orodha ya programu ambazo mtumiaji huzikuta ndani ya kompyuta mara tu anapomaliza kuweka mfumo wa uendeshaji ulio huria.

Tumechagua mfumo wa Ubuntu, uliotoa toleo lake la kwanza mwezi wa Oktoba 2004 chini ya kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Tunao sababu mbili. Kwanza, orodha yake imejadiliwa hadharani kwa muda wa miaka zaidi ya ishirini, hata mabadiliko yake yanaweza kufuatwa toleo kwa toleo. Pili, jina lake ni neno la jamii ya lugha zetu. Ubuntu ndio utu wa Kiswahili na bumuntu wa Kiluba. Na katika Kinyarwanda na Kirundi neno hilo hilo lina pia maana ya ukarimu, hata kitu kitolewacho bila malipo husemwa kuwa kimetolewa ku buntu. Mfumo uliojiita kwa jina hilo umejipa kipimo, nasi tuna haki ya kuupima kwacho.

Hoja yetu ni moja. Orodha ya programu za mwanzo haimgusi sana mtumiaji mwenye mtandao, kwa sababu yeye ataongeza na kupunguza apendavyo. Inamgusa yule asiye na mtandao, ambaye kwake orodha ya mwanzo ndiyo orodha ya mwisho. Kwa hiyo ni huyo wa pili anayestahili kuwa kipimo cha ubora wake. Na ni huyo huyo ambaye hakuwepo orodha ilipopangwa.

1. Neno na maana yake

Kifaransa, lugha ya mihadhara yetu mingi, huziita programu hizo logiciels par défaut. Défaut ni ukosefu: kitu kimekuwa hivi kwa kuwa hakuna aliyesema kiwe vingine. Lakini kabla ya kufika kwenye kompyuta, msemo huo ulikuwa mahakamani. Jugement par défaut ni hukumu inayotolewa dhidi ya mtu ambaye hakufika kujitetea.

Wafasiri wa programu katika Kiswahili walishika njia nyingine, wakasema chaguo-msingi. Neno hili lina ukweli ambao lile la Kifaransa linauficha, kwani palipo na chaguo pana mchaguaji. Hakuna orodha iliyojiotea yenyewe kama uyoga. Hata hivyo, neno letu nalo limeacha jambo nje, kwa kuwa halisemi lolote juu ya asiyehudhuria. Tukiyaweka maneno hayo mawili pamoja tunapata swali zima la uhakiki wetu: ni nani aliyechagua, na ni nani ambaye hakuwepo?

2. Sheria ya diski moja

Katika miaka ya kwanza waliopanga orodha ya Ubuntu walikuwa chini ya sheria ngumu: mfumo mzima, pamoja na programu zake, ulipaswa kuenea katika CD moja ya megabaiti 700. Ndipo ikafuatwa kanuni ya kuweka programu moja kwa kila kazi. Firefox ilikuwa ya kusoma kurasa za mtandao, OpenOffice.org ya kuandika na kupiga hesabu, Evolution ya barua pepe, GIMP ya picha. Aliyetaka kuingiza programu mpya alilazimika kuonyesha ipi itatoka.

Msomaji wa ushairi wa Kiswahili hataona ajabu katika sheria hiyo. Mizani humnyima mshairi nafasi, na kwa kumnyima humlazimisha kupima kila neno. Diski moja ilifanya kazi ya mizani. Zaidi ya hayo, iliunda kitu kilicho kamili. Kwa mpango ulioitwa ShipIt, kampuni ilituma diski hizo kwa posta, bila malipo, kwa yeyote aliyeziomba, hadi mpango ulipofungwa mwaka 2011. Aliyeipokea bahasha hiyo hakuhitaji kuunganishwa na chochote. Angeweza siku hiyo hiyo kuandika barua, kupanga hesabu za duka, kurekebisha picha ya arusi. Ukarimu wa ku buntu ulikuwa ndani ya bahasha. Haukuwa ahadi ya kitu kilichoko mahali pengine.

3. Kisa cha GIMP

Mwezi wa Novemba 2009, katika mkutano wa wajenzi wa mfumo huo, iliamuliwa kwamba GIMP itoke katika toleo la 10.04, lililofuata mwezi wa Aprili 2010. Sababu zilizotolewa zilikuwa tatu: programu hiyo inachukua nafasi kubwa, ni ngumu kwa mtumiaji wa kawaida, na kazi ndogo ndogo za kurekebisha picha zinaweza kufanywa na F-Spot, programu ya kuhifadhi picha iliyokuwemo tayari.

Sababu ya kwanza ni ya mizani, nasi tunaikubali. Ya pili yahitaji kuangaliwa zaidi. «Mtumiaji wa kawaida» ni mhusika aliyebuniwa, kama vile «msomaji wa kawaida» anayetajwa na wachapishaji wanapokataa mswada. Kijana ambaye angejifunza ufundi wa picha kwa kuikuta GIMP tayari katika mashine yake hayumo katika sura ya mhusika huyo. Ugumu wa programu ni sababu ya kuieleza vizuri. Si lazima uwe sababu ya kuiondoa. Na katika toleo lile lile iliingizwa PiTiVi, programu ya kuhariri video, kazi ambayo hatuwezi kusema ni nyepesi kuliko ile ya picha.

Sababu ya tatu ilibomolewa na wakati. Katika toleo la 10.10, miezi sita tu baadaye, F-Spot yenyewe iliondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na Shotwell. PiTiVi nayo haikuwemo tena katika toleo la 11.10. Nguzo iliyobeba hoja iling'olewa, lakini GIMP haikurudishwa. Hapa tunaona tabia moja ya orodha za namna hii, ambayo twaikuta pia katika mitaala ya fasihi: kuingia kwahitaji hoja, na kutoka kwahitaji hoja; lakini hoja ya kutoka ikishaanguka, hakuna anayelazimika kufungua mlango upya.

4. Orodha na fedha

Katika toleo la 11.04, mwezi wa Aprili 2011, programu ya muziki iitwayo Rhythmbox iliondolewa, ikaja Banshee. Ndani ya Banshee kulikuwa na duka la muziki la Amazon, na wajenzi wake walikuwa wamekusudia mapato yote yaende kwa GNOME Foundation, shirika lisilotafuta faida. Kampuni ya Canonical iliamua kujichukulia asilimia 75 na kuliachia shirika hilo asilimia 25. Toleo la 12.04 likaja, Banshee ikatoka, Rhythmbox ikarudi.

Mwezi wa Oktoba 2012, katika toleo la 12.10, jambo lilikuwa zito zaidi. Mtu aliyetafuta faili yake mwenyewe katika kompyuta yake mwenyewe alionyeshwa pia bidhaa za Amazon, kwa kuwa maneno aliyoyaandika yalipelekwa kwenye mtandao. Richard Stallman, mwanzilishi wa harakati ya programu huria, aliiita hali hiyo upelelezi. Mtumiaji aliweza kuizima, lakini alipaswa kwanza kujua kwamba iko. Ni katika toleo la 16.04, mwaka 2016, ndipo ilipokuja ikiwa imezimwa.

Hatudai kwamba kampuni haina haki ya kutafuta riziki. Tunasema tu kwamba visa hivyo viwili vinathibitisha uzito wa orodha. Hakuna afanyaye biashara juu ya mahali pasipopita watu. Nafasi ya kwanza ina thamani ya fedha kwa sababu watumiaji wengi hawaibadilishi. Na kama hawaibadilishi, basi hoja ya kwamba «kila mtu ataongeza atakacho» haitoshi kuwa utetezi wa orodha yoyote.

5. Nani anayehesabiwa

Yaweza kusemwa kwamba dawa ni kuwahesabu watumiaji na kufuata wengi wao. Mfumo wa Debian, ambao ndio mama wa Ubuntu, una chombo cha kazi hiyo. Kiitwacho popularity-contest hujumlisha habari za programu zinazotumika katika mashine ambazo wenyewe wamekubali kuhesabiwa, na hesabu hiyo husaidia kupanga programu zipi ziwekwe katika diski ya kwanza.

Chombo hiki ni cha uaminifu, kwani hakimlazimishi mtu. Lakini tukitazame kwa jicho la mhakiki. Ripoti zake husafiri kwa mtandao. Basi mashine isiyounganishwa haihesabiwi, wala mashine inayounganishwa kwa saa chache tu haina sauti kubwa. Diski ya kwanza, ambayo kwa mwenye mtandao ni mlango tu wa kuingilia, hupangwa kwa kura za wale wanaoihitaji kidogo kuliko wote. Wahenga walikwisha kuyasema: asiyekuwepo na lake halipo. Methali hiyo kwa kawaida humlaumu mtoro. Hapa inatubidi tuigeuze, kwa sababu huyu hakutoroka, bali hakuwa na njia ya kufika.

6. Orodha fupi

Sheria ya diski moja iliachwa katika toleo la 12.10, na leo faili la toleo la 24.04 lina zaidi ya gigabaiti 5. Mtu angetazamia kwamba nafasi ikiongezeka orodha nayo itarefuka. Imekuwa kinyume. Tangu toleo la 23.10, mwezi wa Oktoba 2023, asiyesema vingine wakati wa kuweka mfumo hupata kivinjari cha mtandao pamoja na vyombo vichache vya lazima. Programu za kuandikia na kupigia hesabu hupatikana kwa aliyechagua orodha ndefu.

Tuwatendee haki waliofanya hivyo. Watumiaji wengi walikuwa wakifuta programu wasizozitaka. Kila programu iliyomo yahitaji kutunzwa na kusasishwa, na kusasisha hula megabaiti ambazo kwetu hununuliwa kwa fedha taslimu. Isitoshe, orodha ndefu haikufutwa. Hoja hizi ni za kweli. Lakini mizani yake hailingani pande zote. Programu ya kuandikia iliyochelewa kusasishwa bado huandika tasnifu. Ile isiyokuwepo haiandiki kitu. Na mwanafunzi anayeweka mfumo kwa mara ya kwanza hajui bado maana ya orodha fupi na ndefu. Atapita ukurasa ule kwa kubonyeza palipokwisha kutiwa alama. Kisha atakuta kivinjari, yaani mlango wa kuendea vitu alivyonyimwa, na ufunguo wa mlango huo ni mtandao asio nao.

Lugha nayo imo katika orodha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, ukathibitisha kwamba Kiswahili chaweza kubeba msamiati wa kazi ya ofisi. Lakini katika matoleo ya miaka ya karibuni faili la Ubuntu limebeba lugha chache tu kwa ukamilifu, Kifaransa kikiwemo. Kiswahili ni miongoni mwa zile zinazosubiri kupakuliwa. Tafsiri iliyokwisha kufanywa, ikikosa nafasi katika orodha, ni kama kitabu kilichochapwa kikabaki ghalani.

Hitimisho

Sheria humpa aliyehukumiwa bila kuwepo haki ya kupinga, na kesi husikilizwa upya. Mfumo huria nao unatoa haki hiyo: hakuna anayemzuia mtumiaji kuondoa, kuongeza, hata kupanga orodha yake na kuigawa kwa wengine. Edubuntu, iliyoanza mwaka 2005 kwa ajili ya shule, ni mfano wa waliotumia haki hiyo. Tatizo ni kwamba ofisi ya kupokea mapingamizi iko kwenye mtandao.

Basi idara zetu zisingoje kuhesabiwa na wengine. Uhuru wa programu unaturuhusu kutengeneza diski yetu, yenye programu ya kuandikia, kamusi ya tahajia na Kiswahili kilichokamilika, tukaiwekea katika flashi ili ipite kutoka mkono hadi mkono, kama zilivyopita zile bahasha. Waliopanga orodha huko mbali walimwazia mtumiaji wao. Huyu wa kwetu tunamwona kila siku katika maktaba, akisubiri zamu yake kwenye mashine moja. Hatuna udhuru wa kusema hatukujua kwamba yupo.