Modyuleta, Dhahabu na Mwendo wa Mwanga

Modyuleta ya umeme na mwanga ni kifaa kinachopokea mwanga wa leza unaowaka bila kukatika na kuuandikia ujumbe kwa volti. Ndani yake hakuna kinachosogea. Kinachobadilika ni fuwele yenyewe: ikiwekewa umeme, mwendo wa mwanga ndani yake huongezeka au kupungua kwa kiasi kidogo mno.

Mwaka 1875 John Kerr wa Glasgow alionyesha kuwa umeme mkali hubadilisha jinsi kioo kinavyopitisha mwanga. Mwaka 1893 Mjerumani Friedrich Pockels alichambua tabia yenye manufaa zaidi, ambapo fuwele za aina fulani hubadilika sawasawa na volti zinazopewa. Matumizi makubwa yalingoja leza, iliyowashwa kwa mara ya kwanza na Theodore Maiman huko California mwaka 1960.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini leza isiwashwe na kuzimwa yenyewe. Kwa umbali mfupi hufanywa hivyo. Lakini mkondo wa umeme unapopandishwa na kushushwa, rangi ya leza huyumba, na ndani ya faiba kila rangi ina mwendo wake. Baada ya mamia ya kilomita alama hutawanyika na kuingiliana. Ndiyo maana leza huachwa itulie, na kazi ya kuandika hukabidhiwa fuwele.

Fuwele iliyotumika zaidi ni niobati ya lithiamu. Juu yake huchorwa njia nyembamba za titani, kisha titani hiyo hupenyezwa ndani kwa joto la nyuzi 1,000 hivi. Njia moja hugawanyika mara mbili, halafu hukutana tena. Volti 5 zikiwekwa katika nafasi ya mikromita 10, mwendo wa mwanga hubadilika kwa chini ya sehemu moja katika elfu kumi. Ni kidogo, lakini katika sentimita 2 kiasi hicho hutosha kuchelewesha upande mmoja kwa nusu wimbi. Pande mbili zikikutana hufutana, na giza hutokea. Volti zikiondolewa, mwanga hurudi.

Hapo ndipo ufundi wa kweli unapoanza, na hapo ndipo dhahabu inapoingia. Umeme unaobadilika haraka hausimami kwenye waya. Nao ni wimbi, linalosafiri sambamba na mwanga. Ndani ya niobati ya lithiamu, wimbi hilo lisiposaidiwa huenda kwa karibu nusu tu ya mwendo wa mwanga. Katika fuwele ya sentimita 4 lingechelewa takriban pikosekunde 250. Kwa kasi ya biti bilioni 10 kwa sekunde, iliyokuwa ya kawaida kwa kila rangi ya mwanga wakati kebo ya SEACOM ilipoanza kazi Mombasa Julai 2009, biti moja huchukua pikosekunde 100. Volti ya biti moja ingeangukia mwanga wa biti nyingine. Mwanga na umeme hapa ni kama watu wawili waliobeba mzigo mmoja kwa mti: lazima hatua zao zilingane.

Dawa iliyopatikana inastahili sifa. Elektrodi za dhahabu hukuzwa ndani ya kimiminika chenye dhahabu mpaka zifikie unene wa mikromita 10 hadi 30, na chini yake hutandikwa tabaka la silika. Kuta hizo nene huruhusu sehemu kubwa ya wimbi la umeme kupita hewani, ambako huenda kasi zaidi, hadi likalingana na mwanga. Shaba hupitisha umeme vizuri kuliko dhahabu, ila hushika kutu, ilhali dhahabu haichafuki.

Ni tabia hiyo hiyo inayoifanya dhahabu ipatikane ikiwa dhahabu kule Masara, kaunti ya Migori, baada ya kukaa ndani ya mawe ya kwazi kwa muda mrefu usiofikirika. Wachimbaji hushuka kwenye mashimo yaliyochimbwa kwa mikono, mawe husagwa mpaka yawe unga, unga huoshwa, na chembe hunaswa kwa zebaki, ambayo mvuke wake huwadhuru wanaoichoma. Ikishayeyushwa na nyingine sokoni, dhahabu haitambulikani tena kwa kijiji ilikotoka. Hata hivyo anayeosha unga kwenye karai na anayekuza elektrodi maabarani wanashika metali ile ile, na wote huipima kwa vipande vidogo sana.

Modyuleta za kebo za baharini hukaa kwenye vituo vya nchi kavu. Njiani kuna vikuza mwanga tu, ambavyo huongeza nguvu ya mwanga bila kuusoma. Kwenye kebo ya TEAMS, iliyofika Mombasa mwaka 2009 kutoka Fujairah, umbali ni kama kilomita 5,000. Alama ikitoka mbovu kwenye modyuleta, hakuna wa kuinyoosha katikati.

Inabaki kasoro moja ya fuwele yenyewe. Joto na chaji zinazojikusanya husogeza taratibu mahali pa giza na pa mwanga, hata volti zisipobadilika. Kwa hiyo kwenye mlango wa kutokea huonjwa sehemu ndogo ya mwanga, na saketi hurekebisha volti ya msingi tena na tena, kwa muda wote ambao kifaa kiko kazini.