Mama Aliyeliokota Tusi

Neno "mshenzi" mwalijua. Katika Kiswahili cha zamani cha misioni lilikuwa jina la mtu asiyebatizwa. Njiani na sokoni lilikuwa tusi, nalo ni tusi hata leo. Mama mmoja wa Kanada, jina lake An Antane Kapesh, alitupiwa tusi la namna hiyo, akaliokota, akaliweka juu ya kitabu chake. Kitabu kilitoka mwaka 1976. Alikiandika kwa Kiinnu, lugha ya kwao, na José Mailhot akakigeuza kwa Kifaransa: "Je suis une maudite sauvagesse", yaani, kwa lugha yetu, "Mimi ni mwanamke mshenzi, niliyelaaniwa". Neno "sauvage" la Wafaransa lilitoka katika neno la Kilatini la msitu. Naye Mama Kapesh asema aona fahari akiitwa hivyo, kwa kuwa anayemwita akiri bila kujua kwamba yeye ndiye wa kwanza kukaa msituni.

Wainnu ni nani? Ni watu wa nchi kubwa ya baridi, upande wa mashariki wa Kanada, katika Quebec na Labrador. Wao huiita Nitassinan, maana yake nchi yetu. Wafaransa waliwaita Montagnais, watu wa milimani. Hawakuwa walimaji. Wakati majani yalipoanza kuanguka, jamaa chache walipanda mito kwa mitumbwi myepesi, na penye maporomoko waliibeba mabegani. Theluji ilipofunga nchi, walitembea kwa viatu vipana vilivyosukwa kwa kamba za ngozi, wakavuta mizigo na kulala hemani. Mwezi wa Juni walishuka pwani kuuza ngozi na kuonana na Padri: ndipo watoto walipobatizwa na ndoa kufungwa.

Huko bara, ambako wao hukuita nutshimit, mnyama wa uzima wao ni atiku. Ni mnyama mwenye pembe za matawi, ambaye Wafaransa humwita caribou. (Ukilitamka jina hilo la Kifaransa utadhani wakukaribisha mtu nyumbani, lakini halina uhusiano na "karibu" yetu.) Nyama yake ni chakula, ngozi yake ni nguo na kamba, mifupa yake ni vyombo. Lakini hachukuliwi hovyo. Wazee walifundisha kwamba atiku ana bwana wake, naye humtoa kwa mwindaji mwenye adabu na kumnyima mwenye majivuno. Kwa hiyo mifupa haitupwi kwa mbwa. Ile mirefu ya miguu hukusanywa, huvunjwa, huchemshwa polepole hata mafuta yapande juu. Mafuta huondolewa, hupoa, huwa meupe kama nta. Hiyo ndiyo karamu ya mukushan. Wote hula, na mzee hupiga ngoma, teueikan. Wala si kila mtu aweza kuipiga, ila yule aliyeijua kwanza katika ndoto.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu kitabu chenyewe hakiyaelezi kwa urefu, na hilo naliona upungufu wake wa kwanza. Mama Kapesh ni kama mtu aliyesimama barazani kushitaki: hana nafasi ya kukuketisha motoni akusimulie. Anataja maisha ya zamani ili kuonyesha yaliyonyang'anywa. Hata njaa aipita upesi, nayo ilikuwako. Padri Paul Le Jeune, Myezuiti aliyekaa nao wakati wa baridi wa mwaka 1633 hadi 1634, aliiona kwa macho na kwa tumbo lake. Tena, katika kitabu hiki "Mzungu" ni mtu mmoja tu: mwuza pombe, polisi, askari wa wanyama, mwandishi wa gazeti, wote wana uso mmoja. Mara nyingine nilichoka.

Lakini nilipokisoma mara ya pili niliona kwamba hasira yake ina hesabu. Alizaliwa mwaka 1926, akaishi maisha ya kuwinda mpaka mwaka 1953, ndipo akawekwa katika kijiji cha serikali huko Maliotenam. Mwaka 1954 reli ilifika Schefferville, kwenye machimbo ya chuma, na baadaye yeye mwenyewe alikuwa mkubwa wa Wainnu wa Matimekosh karibu na mji huo, miaka 1965 hadi 1967. Basi asimulia alichokiona. Vitabu vya Kanada vyamsifu Padri Louis Babel, Mwoblati, aliyetembea bara miaka ya 1866 hadi 1870 na kuandika habari za chuma. Mama Kapesh arudisha sifa kwa Mwinnu aliyekijua chuma kile. Wageni walipotaka kuchimba, asema, hawakuomba ruhusa. Kisha sheria ikaja kumwambia mwindaji kwamba kuwinda chakula chake ni kosa. Machimbo yale makubwa yalifungwa mwaka 1982.

Sehemu inayotuhusu sisi Wakatoliki ni ile ya shule. Huko Maliotenam palikuwa na shule ya bweni, tangu 1952 hata 1971, chini ya Waoblati. Mama Kapesh asema mtoto alitoka humo bila kuwa Mzungu na bila kuwa Mwinnu kamili: miaka ambayo baba angemfundisha kusoma nyayo juu ya theluji alikuwa amekaa darasani. Najua msomaji mmoja atasema, "Lakini walifundishwa kusoma!" Ni kweli. Mama huyu hakatai maandiko, ameandika kitabu. Akataa mtu aliyeamua peke yake elimu ni kitu gani. Mwaka 1976 kulisema hilo kulihitaji ujasiri. Baba Mtakatifu Fransisko aliomba msamaha kwa ajili ya shule za namna hiyo, mbele ya wenyeji, huko Maskwacis tarehe 25 Julai 2022.

Juu ya uzuri wa lugha yake siwezi kuhukumu, kwa kuwa nimesoma Kifaransa tu. Hata humo nasikia maneno yakirudi na kurudi, kama mzee arudiavyo jambo mpaka wasikilizaji waache kupiga kelele. Walioona kurudia huko ni udhaifu wa mtu asiyezoea kalamu, nadhani walikosea.

Kitabu kilipigwa chapa tena mjini Montréal mwaka 2019, Kiinnu na Kifaransa pamoja. Maneno ya mwanzo ni ya Naomi Fontaine, Mwinnu mzaliwa wa Uashat wa mwaka 1987, ambaye vitabu vyake mwenyewe aviandika kwa Kifaransa.