Mizani ya Ghala la Kintinku

Si mbali na stesheni ya Kintinku, katika ghala la mnunuzi mmoja wa mazao, iko mizani ya chuma ambayo kazi yake halali ni kupima magunia ya mpunga na ya alizeti, lakini ambayo kwa miezi mitatu, kila Jumamosi asubuhi, ilipata mzigo usio wa biashara: mtumishi mmoja wa serikali, mtu wa makamo mwenye kitambi cha heshima, aliyevua viatu, akapanda, akashusha pumzi na kungoja hukumu. Mtu huyu alikuwa ameazimia kupunguza mwili kwa miguu yake peke yake, pasipo kugusa sahani wala chupa. Alfajiri, kabla jua halijapanda juu ya mbuga, alishika njia ielekeayo ule ukuta wa Bonde la Ufa ambao reli hupanda kwa taabu kwenda Manyoni, akatimiza kilomita tano kwenda na kurudi, akaingia nyumbani shati limelowa chapachapa. Mwenye ghala alisukuma kipimo huku na huku, akakitazama kwa adabu, akasema: "Mzee, imesimama palepale." Miezi mitatu ilipokwisha alikuwa ametoka kilo 82 hadi 81.

Watu walimdhania kuwa anakula kwa siri. Mimi sikumdhania hivyo, kwa kuwa hesabu yenyewe ina ithibati ya kumtetea. Kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba kalori zipatazo 7,700. Mtu wa uzito wake atembeapo kilomita moja hutumia takriban kalori 40 zaidi ya zile ambazo angetumia akiwa ameketi. Kwa hiyo kilo moja humdai karibu kilomita 190, yaani aende Dodoma mjini kwa miguu, arudi Kintinku, na bado deni lisiishe. Kilomita zake tano za kila siku zilikuwa na thamani ya kalori 200, na vijiko viwili vya mezani vya mafuta ya alizeti, hayo ambayo Singida inajivunia, vina 240. Hata hivyo, kwa hesabu hiyo kavu, alistahili kupungua kilo mbili na ushei. Alipungua moja. Ile nyingine ilikwenda wapi?

Jawabu lililo bora kabisa nilijualo halikutoka katika hospitali za Ulaya, bali kwa Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, jamaa ambao baadhi yao ni wenyeji wa Mkalama katika mkoa wetu huu huu wa Singida. Mtaalamu wa Marekani, Herman Pontzer, pamoja na wenzake ambao miongoni mwao alikuwamo Audax Mabulla wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitaka kujua watu waishio kwa upinde, asali na mizizi hutumia nguvu kiasi gani kwa siku, na wakachapisha matokeo yao mwaka 2012. Namna walivyofanya inastahili kuelezwa taratibu, maana humo ndimo uzito wa hoja ulimo.

Nguvu za mwili hazionekani, illa moshi wake huonekana: mwili uunguzapo chakula hutoa hewa ya ukaa, na ajuaye kiasi cha moshi hukadiria kuni zilizoteketea. Taabu ni kuukusanya moshi wa mtu awindaye porini kwa siku kumi na zaidi, kwani huwezi kumfunga mfuko usoni akapanda nao mbuyu kutafuta asali. Hila iliyotumika ilibuniwa na Nathan Lifson huko Minnesota katika miaka ya 1950, akaijaribu kwa panya; kwa wanadamu haikutumika hadi mwaka 1982, kwa sababu maji yake yalikuwa ghali mno. Mtu hunywa maji ambayo haidrojeni yake na oksijeni yake ni za aina nzito, zisizo na madhara, ambazo mashine huweza kuzitambua. Sasa mfikirie mwili kama stesheni yenye milango miwili. Haidrojeni hutoka kwa mlango mmoja tu, ule wa maji: mkojo, jasho na unyevu wa pumzi. Oksijeni hutoka kwa mlango huo, na pia kwa mlango wa pili, ule wa hewa ya ukaa. Chupa chache za mkojo zilizokusanywa siku baada ya siku huonyesha kila moja inapungua kwa kasi gani, na tofauti ya kasi hizo mbili ndiyo moshi uliotafutwa.

Wahadzabe 30 walipimwa, wanaume 13 na wanawake 17. Wanaume walitembea kilomita zipatazo 11 kwa siku na wanawake karibu sita, licha ya kuchimba, kubeba na kupanda miti. Kila mtu mwenye akili timamu angetazamia wawe wanateketeza nguvu kupita karani wa Marekani aketiye kitini mchana kutwa. Haikuwa hivyo. Tofauti ya ukubwa wa mwili ilipokwisha kuzingatiwa, matumizi yao ya siku nzima yalilingana na ya makarani hao: wanaume kalori zipatazo 2,650, wanawake zipatazo 1,880, na wote ni watu wembamba.

Watu 30 ni wachache, nami nisingejenga nyumba juu ya msingi huo peke yake. Lakini vipimo vingi vya namna hiyo vilivyofuata kwa watu wa nchi nyingine vimeelekea upande ule ule. Maana yake ni kwamba mwili una bajeti, nao mhasibu wake ni mkali. Unapouzidishia mazoezi, baada ya majuma kadhaa hupunguza matumizi mahali pengine, katika shughuli za ndani ambazo mwenyewe huna habari nazo, na aghalabu hukuongezea njaa na kukulaza kitini mchana. Ndiko ilikokwenda ile kilo ya mtumishi wetu.

Nisidhaniwe kuwa napiga vita mazoezi. Desemba 2016, Samia Suluhu Hassan, akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na maradhi yasiyoambukiza na kuitenga Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Wito huo ulikuwa sahihi, kwani mazoezi huteremsha shinikizo la damu, huisaidia misuli kuifyonza sukari, hutuliza moyo. Fauka ya hayo, Marekani liko daftari lililofunguliwa mwaka 1994 la watu waliopungua kilo zaidi ya 13 na kukaa mwaka mzima pasipo kuzirudia, na wengi wao hujishughulisha karibu saa nzima kwa siku. Mazoezi basi ni mlinzi hodari wa uzito uliokwisha kupungua, ila ni mpunguzaji dhaifu. Kosa ni la wale wenye vikundi vya joging wanaomwahidi mtu kuwa kitambi kitayeyuka kwa jasho, kisha wanamwona mvivu kisipoyeyuka.

Mtumishi wetu bado anatembea. Soda mbili alizokuwa akinywa kila mchana ameziacha, mafuta ya mboga mkewe huyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina, ugali umepungua na mlenda umeongezeka. Na mara ya mwisho nilipomkuta juu ya ile mizani ya ghala, ilisoma kilo 76.