Kuingia na Kutoka: Msamiati wa Jamaa katika Utafiti wa Johannes Fabian

Kitabu cha Johannes Fabian, Jamaa: A Charismatic Movement in Katanga, kilichotolewa mwaka 1971, kimesomwa zaidi na wataalamu wa elimu ya jamii kuliko na wanaisimu. Hilo ni pungufu, kwa sababu msingi wa kitabu hicho ni maneno: mafundisho yaliyotolewa kwa Kiswahili cha Katanga na watu wa kambi za migodi. Uhakiki huu unachunguza jambo moja tu ndani yake, nalo ni namna lugha ya Jamaa ilivyotaja mpaka kati ya aliye ndani na aliye nje.

Jamaa ilianza mnamo mwaka 1953 huko Kolwezi, kwa kazi ya Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji na mtungaji wa La philosophie bantoue (1945). Mafundisho yake yalisimama juu ya mafiga matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke walipita pamoja njia tatu, wakiongozwa na wenzi waliowatangulia, ambao walikuwa baba na mama yao katika roho. Hapakuwa na kadi wala katiba. Wafuasi walishikilia kwamba Jamaa si chama kama vyama vingine vya parokia, bali ni Ukristo wenyewe unaoishiwa kindugu.

Fabian anaieleza kuwa harakati, akitumia nadharia ya karama ya Max Weber. Istilahi hiyo inamsaidia kulinganisha, lakini inaipa Jamaa ukuta ambao jina lake linaukataa. Harakati huachwa, jamaa haiachwi. Mtu aweza kugombana na ndugu zake, hata kuhama mji wao, asiache kuwa ndugu yao.

Hata hivyo, haifai kuwapa wafuasi haki yote. Msamiati wao wenyewe unawashuhudia. Palipo na njia ya kwanza, ya pili na ya tatu pana mlango, na aliyefunguliwa mlango si sawa na aliyebaki uani. Walikuwa na kitenzi cha kuingia, nacho kilikuwa na uzito mkubwa. Kitenzi cha kutoka hakikupata nafasi katika mafundisho.  Kundi la Katete, lililohesabiwa kuwa limepotosha mafundisho, linaonyesha hayo waziwazi: watu waliosema kwamba hawana mpaka waliujua mpaka wao barabara.

Udhaifu huo ulidhihirika baada ya kitabu kutoka. Katika miaka ya 1970 maaskofu wa Katanga, iliyokuwa ikiitwa Shaba wakati huo, waliwataka wafuasi waiache Jamaa. Maaskofu waliona kundi lenye siri na mamlaka yake pembeni ya mapadri. Hofu hiyo haikuwa bure. Lakini kwa masikio ya wafuasi, amri ya kuacha Jamaa ilikuwa amri ya kukana baba na mama waliowazaa katika roho. Ndiyo maana wapo waliokataa, wakajikuta nje ya Kanisa ambalo, kwa maneno yao, hawakuwahi kuliacha. Hapa sarufi inasema kweli kuliko hukumu: kutoka ni tendo la mwenyewe, kutolewa ni tendo la mwingine, na pande mbili hazikukubaliana ni kauli ipi iliyofaa.

Fabian hawezi kulaumiwa kwa yaliyotukia baadaye. Tena alilirudia suala lenyewe: katika makala yake ya mwaka 1979, « Text as Terror », alionyesha kwamba mafundisho yaweza kuwa chombo cha kuwatawala watu. Marekebisho hayo ni ya thamani. Lakini yanamtazama zaidi anayefundisha na anayefundishwa. Aliyefungiwa mlango bado hajapewa nafasi ya kutosha ya kusema.

Pengo hilo ni kazi ya Kiswahili hasa. Wazee waliopitia mambo hayo wanazidi kupungua. Inafaa wanafunzi wa Lubumbashi na Kolwezi wakusanye usemi wao, si kwa kuuliza tu kilichotokea, bali kwa kusikiliza kama mzee anasema alitoka, alitolewa, alikatazwa au alibaki. Katika kitenzi atakachokichagua mna hukumu yake juu ya Kanisa, juu ya Jamaa, na juu ya nafsi yake.